Aliyemsomea Baba Filamu

Jina lake nalijua, na la baba yake nalijua, lakini humu simtaji. Alizaliwa wapi, nani kamzaa nani, nani kamwoa nani, hayo waulizeni wanaopenda nasaba; Houston hii hawakosekani. Mie namsema mtu niliyemwona kwa macho yangu miaka kumi na sita, akiingia na kutoka nyumbani kwangu Missouri City, mtu ambaye Waunguja, Wamombasa, Wakongo na Warundi wote walimwita Mkalimani. Wakongo walitanguliza Papa. Mie nilimwita Ami, kwa kuwa alikuwa rafiki wa baba yangu tangu ujana wao, na kwetu rafiki wa baba ni ami, utake usitake.

Nilimpenda. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu nitakayoyaeleza mbele huenda yakakusahaulisha, na hata mie mwenyewe kuna siku husahau.

Alivaa tai. Houston, mwezi wa Agosti, joto la kumfanya mtu akae ndani ya gari dakika tano kabla hajaamua kushuka, yeye koti na tai. Nilimwambia siku moja, "Ami, utazimia njiani." Akanijibu, "Mgonjwa akiniona na fulana atadhani nami nimekuja kutibiwa." Gari lake lilikuwa kuukuu, rangi ya maziwa, na akiliendesha polepole mpaka malori yakampigia honi huku na huku. Ukimwambia kanyaga mafuta kidogo, anakuuliza wana haraka ya kwenda wapi watu hawa, na hospitali zimeshajaa.

Kazi yake ilikuwa kukaa baina ya daktari na mgonjwa. Watu wetu wako wengi katika hospitali za huku: mama wa Kirundi aliyeumia mgongo akipanga maboksi ghalani, mzee wa Kikongo mwenye presha, bibi wa Mombasa aliyeletwa na wanawe na Kiingereza chake ni "tenki yu" basi. Kila mmoja ana Kiswahili chake, na Mkalimani hakucheka Kiswahili cha mtu. Sisi Waunguja tuna ugonjwa huo. Tukisikia mtu kasema tofauti na sisi, tunamtazama kama kakanyaga mkeka na viatu. Yeye alisikiliza, akiuliza tena pale asipofahamu, na mgonjwa akijaribu kuficha jambo kwa haya alimwambia taratibu, "Mficha maradhi kilio kitamfichua, mama. Sema."

Na sheria yake ilikuwa moja: linalosemwa chumbani lisemwe lote. Mie kazi yangu ni kuchukua damu, nachoma watu sindano kutwa, kwa hiyo habari za wodini zinanifikia. Kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo, tumbo lilimuuma siku tatu. Daktari alimgeukia nesi, akamwambia kwa Kiingereza, kando, kwamba watu hawa hupenda kukuza mambo. Mkalimani akamgeukia yule mama na kumwambia kwa Kiswahili: "Daktari anamwambia nesi kwamba watu hawa hupenda kukuza mambo." Yule mama alikuwa kajikunja kitini. Akajikunjua. "Mwambie mimi nimezaa watoto saba. Wa tatu nilimzaa njiani tukikimbia vita, sikulia. Leo nalia." Mkalimani akalipeleka na hilo. Daktari akawa mwekundu, akaandika vipimo, wakakuta mawe kwenye nyongo, kesho yake wakampasua. Baadaye Mkalimani akaitwa ofisini, akaambiwa maneno ya pembeni hayatafsiriwi. Akasema, "Basi yasisemwe."

Hadithi hiyo tuliipenda. Ilizunguka kwenye maharusi na misiba, kila mtu akiongeza chumvi yake.

Sasa mtu huyo huyo hakuandika. Kazini aliandika, maana mkalimani lazima anukuu asije akasahau, lakini alipomaliza alikichana kile kikaratasi vipande vidogo vidogo na kuvitia mfukoni. Nje ya kazi hakushika kalamu. Kadi ya mtoto aliyezaliwa ikizungushwa kila mtu aandike neno lake, yeye anaipitisha kwa jirani. Nilidhani hati yake mbaya.

Mume wangu alipokuwa akihangaikia makaratasi yake ya kukaa nchini, tuliambiwa tulete barua za watu wanaotujua, wathibitishe kwamba ndoa yetu ni ndoa. Wa kwanza nilimwendea Ami. Nani kanijua kuliko yeye? Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitakuja nisimame mbele yao niseme kwa mdomo. Kuandika siandiki."

"Ami, ni mistari mitatu."

"Hata mmoja, mwanangu."

Nilikasirika, nisiwadanganye. Miezi miwili nikamnunia, akija namwekea chai na kutoka sebuleni. Barua tulizipata kwa wengine, wakiwamo watu walioijua ndoa yetu kwa harufu ya pilau tu. Na miezi miwili hiyo hiyo, yeye aliwachukua Warundi wanne kwa gari lake lile la kobe, akawapeleka Dallas kwenye mahojiano yao, saa nne kwenda na nne kurudi, na kesho yake yuko kazini na tai yake. Nikajiuliza mtu gani huyu, anatoa siku nzima na kunyima mistari mitatu.

Kingine, hakuteta. Wanawake wakianza kumjadili mtu, yeye hunyanyuka akaenda kuliangalia gari lake. Lile gari liliangaliwa mpaka likachoka. Wengine walisema ana maringo, wengine wakasema ana dini. Mie nilisema ana busara, na nikawatolea mfano wanangu, kwamba mtu aweke akiba ya maneno kama Babu Mkalimani.

Baba yangu alikuwa kinyume chake kabisa. Baba alikuwa na mdomo. Lolote lililomjia alilisema, akacheka kabla hajalimaliza, kicheko kilichomtangulia mlangoni. Na mdomo huo ndio uliomponza. Miaka ya sabini, wakati kwetu Unguja mtu alikuwa akipanga foleni ya mkate na kutazama nyuma kabla hajaguna, yeye na Mkalimani walichaguliwa kwenda Ujerumani Mashariki kusomea uchapaji. Wakawekwa bweni moja, chumba cha vitanda vitatu, na mwenzao wa tatu, kijana wa kwetu vile vile. Jioni moja ya baridi Baba aliwaambia, "Huku na kwetu ni kule kule, wamebadilisha baridi tu. Nikipata upenyo navuka upande wa pili." Akacheka. Siku kumi baadaye akaambiwa mama yake mgonjwa, akapandishwa ndege. Mama yake alikuwa mzima, anakuna nazi. Baba alichukuliwa uwanja wa ndege pale pale, na akafungwa karibu miaka miwili.

Alitusimulia kwamba alipohojiwa mara ya kwanza walimsomea maneno yake kutoka kwenye karatasi. Hayakuongezwa hata moja, hayakupunguzwa. Hata pale alipocheka paliandikwa: hapa alicheka. Alitoka gerezani na meno manne pungufu, na tabia ya kula haraka akikinga sahani kwa mkono, ambayo hakuiacha mpaka mwisho.

Chumbani walikuwa watatu, kwa hiyo aliyeandika alikuwa mmoja wa wawili. Baba hakujiuliza sana. Yule wa tatu jioni ile alikuwa kitandani, kajifunika gubigubi, hakusema neno. Alijifanya kalala, Baba alisema, akasikiliza yote. Mkalimani alikuwa akimmenyea viazi na kucheka naye, huyo hawezi. Basi Baba akamchukia yule wa tatu kwa maisha yake yote. Mtoto wa yule bwana alipoleta posa kwa binti ya shangazi yangu, Baba alivunja posa. Yule bwana alipofariki Unguja, na jamaa hapa wakasoma hitima Sugar Land, Baba hakwenda. Alibaki nyumbani anacheza dhumna na Mkalimani, akimlaani maiti kila akibwaga kete. Nilikuwepo. Mkalimani alisema tu, "Cheza, bwana. Zamu yako."

Walikuwa wamepotezana miaka mingi kabla ya kukutana tena huku, kwenye harusi moja hapo Sugar Land. Baba alimwangukia shingoni akalia mbele ya watu. Tangu siku hiyo Mkalimani hakumwacha. Sukari ilipoyala macho ya Baba, na baadaye figo, ni yeye aliyempeleka kusafishwa damu. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi gari la maziwa liko mbele ya gereji. Anakaa naye saa nne pale kwenye mashine, anamrudisha, anamlisha. Ijumaa anamnyoa ndevu kwa ajili ya msikiti. Mume wangu ni dereva wa malori, wiki tatu yuko njiani. Mie zamu zangu ni za asubuhi. Bila mtu huyo ningeacha kazi. Alinifanyia hivyo miaka sita na hakuna siku aliyosema kachoka.

Wakicheza dhumna, Baba alipapasa kete zake kwa vidole na Mkalimani akimtajia zilizolala mezani. Angeweza kumwibia kila mchezo. Hakumwibia hata mara moja, na kufungwa alifungwa sana.

Lakini raha yao kubwa ilikuwa filamu. Baba alikuwa mtu wa senema tangu utotoni, na kipofu mpenda senema ni adhabu. Basi Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Mkalimani alikaa ubavuni mwake kwenye kochi na kumsomea. Namna yake ilikuwa ile ile ya hospitali, hana mbwembwe. "Mwanamke anaingia. Kakasirika. Anavua glavu."

"Mzuri?" Baba anauliza.

"Wa wastani."

"Wewe wanawake wako wote ni wa wastani."

Walipenda filamu za nchi za kule walikosomea, za wakati ule, na nyingi zina maandishi ya Kiingereza chini. Baba Kiingereza alikijua vizuri sana, macho ndiyo hakuwa nayo. Mkalimani aliyasoma yale maandishi na kuyatoa kwa Kiswahili hapo hapo, bila kukwama, na mie nikipita na kapu la nguo nilisimama kusikiliza.

Jumapili ninayoisema, filamu mie ndiye niliyeichagua. Nilikuta kwenye tivii imeandikwa ni hadithi ya urafiki wakati wa utawala wa kikomunisti, nikasema hii itawafaa wazee wangu. Mafundi wawili wanafanya kazi karakana ya treni, marafiki wa chanda na pete. Mmoja ana mdomo, mwingine mpole. Yule mpole anaitwa ofisini, mtu wa serikali anamsogezea karatasi, anamtaka awe anaandika anayoyasema mwenzake. Lugha haikuwa Kijerumani, ilikuwa ya nchi nyingine ya kule, hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Mie nilikuwa nimekaa nyuma yao nakunja nguo, macho kwenye tivii.

Maandishi yakasema: Nitaandika anayoyasema, sitaongeza kitu. Na yule mpole akachukua kalamu akatia saini. Tuliiona kalamu kwa karibu, na wino.

Mkalimani akasema, "Anakataa. Anasema, huyu ni ndugu yangu, siwezi."

Nilidhani kakosea. Mtu wa miaka sabini na ushei, macho huchoka. Nikangoja ajirekebishe. Hakujirekebisha. Filamu ilikuwa imebakisha dakika arobaini, na dakika zote hizo alitunga. Kila yule mpole alipoandika, Mkalimani alisema anaandika barua kwa mama yake. Rafiki alipokamatwa, na ikawa lazima mkosaji apatikane, akampa lawama mlinzi wa jengo, mzee mwenye funguo ambaye kwenye filamu hakuwa na kosa lolote. Alitunga vizuri, sauti haikutetereka. Na mie nyuma na shati la mwanangu mkononi, nimelikunja na kulikunjua sijui mara ngapi.

Ilipokwisha Baba akapiga paja lake. "Mie tangu mwanzo nilijua ni yule mlinzi. Kila mahali yupo. Kama yule wetu."

"Kama yule wetu," Mkalimani akasema.

Alipoaga nikamfuata nje. Jua lilikuwa kali, lami inaunguza hata kupitia kandambili.

"Ami, yule mtu alitia saini."

Alikuwa ameshaufungua mlango wa gari. Akaufunga.

"Alitia," akasema.

"Na mlinzi hakufanya kitu."

"Hakufanya."

"Sasa kwa nini umemdanganya Baba?"

Akalegeza tai yake. "Kwa sababu ni mimi niliyeandika, mwanangu. Yule mwenzetu alikuwa kalala kweli."

Mungu anisamehe, cha kwanza kilichonijia hakikuwa meno ya Baba wala gereza. Ilikuwa Jumanne. Nani atampeleka Jumanne. Kisha ndipo hasira ikaja, nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki. Nikamwambia unamnyoa kila Ijumaa, mkono huo huo. Nikamwambia umemwacha amlaani maiti asiye na hatia, na wewe unamwambia cheza zamu yako. Hakujitetea kwa lolote, na hilo lilinizidisha wazimu. Mwisho nikasema, "Utamwambia wewe, au nitamwambia mie."

"Nipe mpaka Idi."

Nikampa. Jumanne saa kumi na mbili gari likaja, na mie nikafungua mlango kama kawaida, kwa sababu nilikuwa na zamu. Niliona haya na nilifungua.

Siku hizo ndipo nilipoyaelewa mengine yote, kadi na barua na vikaratasi vilivyochanwa, na nikaanza kumtafutia udhuru bila kutaka. Naendesha gari kwenda kazini, namtetea. Labda walimpiga. Labda walimwambia mama yako yuko mikononi mwetu. Kijana wa miaka ishirini, ugenini, kwenye theluji, atafanya nini? Nilimtungia vitisho vya kila namna, na kila kimoja kilinipa nafuu mpaka taa ya barabarani inayofuata.

Idi ikaja ikapita. Akaniomba wiki moja, kisha nyingine. Kabla sijakata shauri, Baba akazidiwa. Moyo. Akalazwa, na madaktari wakaniita pembeni wakaniambia yale wanayowaambia watu. Sikuhitaji mkalimani.

Alasiri moja Baba alikuwa na nguvu kidogo, anaongea. Mkalimani alipofika nikamkuta mlangoni mwa chumba. Nikamwambia, "Nakwenda chini kula. Nitakaa saa nzima. Hakuna daktari atakayekuja." Alielewa. Akaingia, akaufunga mlango.

Niliporudi Baba alikuwa kaegemea mito, na Mkalimani kasimama dirishani anatazama paking. Nikamtazama mmoja, nikamtazama mwingine. Sikuona kitu. Baba akaomba maji, nikamnywesha, nikauliza mlikuwa mkizungumza nini.

"Ya wazee," Baba akasema. Kisha akamgeukia mwenzake upande ule sauti ilikokuwa. "Kesho uje mapema, bwana."

Aliishi wiki tatu tena, nyumbani kwangu. Mkalimani alikuja kila siku. Alimsomea filamu mbili. Alimnyoa. Mie nilikuwa nawachungulia kama mwizi, natafuta dalili, uso uliokunjika, mkono uliovutwa. Hakuna. Baba alimtania vile vile. Nikasema basi, mwoga huyu hajamwambia. Na kumwuliza Baba mwenyewe sikuweza. Kama hajaambiwa, ningekuwa mie ndiye niliyemtia kisu akiwa kitandani. Nikasema nitangoja apate nafuu. Akafariki Jumanne baada ya adhuhuri. Mkalimani alikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Mwezi mmoja baadaye alistaafu, akahamia kwa binti yake Cedar Hill, karibu na Dallas. Alinipigia simu kuaga, sikupokea.

Lakini lile swali halikuhama. Baba kafa anajua, au kafa kadanganywa? Kama hakujua, basi mie nilishiriki. Niliufungua mlango kila asubuhi nikijua naufungulia nani, nikamwacha baba yangu anamshukuru aliyemfunga, kwa sababu ya zamu zangu. Nilikuwa namchoma mgonjwa sindano huku nafikiri hilo. Miezi saba nikastahimili. Jumamosi moja nikajaza mafuta nikaelekea kaskazini, saa nne barabarani, na njia nzima nikirudia zile nyudhuru nilizomtungia, maana nilitaka kumkuta ni mtu niliyeweza kumsamehe.

Nilimkuta kakaa ndani ya gereji, mlango umefunguliwa, kama wafanyavyo wazee wa huku wapate hewa na kuwaona wapitao. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako, safari yote hiyo?"

"Peke yangu."

Binti yake akaniletea kiti na chai, akatuuliza hali, akaingia ndani. Nikaacha chai ipoe.

"Ile siku ya hospitali. Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Kumbe alijua. Wiki zote tatu alikuwa anajua. "Akasema nini?"

"Hayo ni ya mimi na yeye, mwanangu."

"Ami, nimeendesha saa nne. Akasema nini?"

"Mtu akisema neno mlango umefungwa..." Hakumaliza. Alikuwa anatazama nyumba ya upande wa pili, mtu anakata majani.

"Baba yangu kafa, na mie ndiye niliyebaki. Akasema nini?"

Akageuza kiti anikabili. Kisha akaanza, kwa sauti ile ile aliyosomea filamu.

"Alinyamaza kwanza, nikadhani usingizi umemchukua. Halafu akauliza, na kicheko changu uliandika wewe? Nikamwambia ndiyo. Akasema, nimejiuliza miaka yote, mtu aliyejifunika gubigubi amejuaje nilicheka wapi. Kisha akamtaja yule mwenzetu kwa jina. Akasema, nimemlaani bure, wewe mwombee, maana dua zangu kwake sijui kama zitapokewa."

"Na wewe? Alikusamehe?"

"Hakusema. Sikuthubutu kumwuliza."

"Hakusema kitu tena?"

Akasugua magoti yake. "Aliniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia binti yako, ndiye aliyenituma. Akasema, basi asijue kama umeniambia. Namjua mwanangu, ana hasira za mama yake. Akidhani sijui, atakuvumilia kwa ajili yangu. Akijua nimejua, atakufungia mlango, na mie siku zangu hizi zilizobaki sina mwengine wa kukaa naye. Asijue, hata nikishakufa. Asije akajiona alininyima rafiki, au alinipa adui. Niapie."

"Ukaapa?"

"Niliapa. Kashika mkono wangu."

Nililia pale, mbele ya barabara, na sikujali nani anapita. Nilimlilia Baba, aliyeijua hasira yangu kuliko nilivyoijua mwenyewe. Maana ni kweli, ningeufunga mlango. Ilichukua muda mpaka nikaliona lile jingine. Baba alisema neno ndani ya chumba, akamshika mtu mkono asilitoe, hata akishakufa. Na mtu huyo kalitoa. Kalitoa lote, neno kwa neno, na mie sikumpiga, sikumtishia, sikumshikia mama yake. Nilimwuliza mara tatu tu.

Nikajifuta uso kwa mtandio. "Ami, wale wa kule," nikasema. "Walikuuliza mara ngapi?"

Alijua naulizia nini. Hakukimbilia kwenye gari, hakubadilisha mazungumzo.

"Mara moja, mwanangu," akasema. "Walinikaribisha kahawa, wakaniuliza mara moja."